Magunia Saba

Nairobi haina msimu wa kupukutika.
Miti yetu huachia majani kila mmoja kwa saa yake,
kama wapangaji wanaohama usiku bila kuaga:
leo mgrevilia, kesho mparachichi wa jirani,
na mjakaranda, Agosti ikishageuza baridi kuwa vumbi,
humwaga vijani vya manjano, vyembamba kama kucha za mtoto,
vikanasa nyweleni, vikaogelea hadi kwenye chai.

Syombua wa kanjo alifagia mtaa wetu pale Woodley.
Saa kumi na mbili asubuhi: chwaa, chwaa, kimya,
kisha kiberiti.
Moshi ukapanda ukuta, ukalala kwenye shuka zangu.
Siku moja nikatoka na kandambili na hasira,
na hasira ikaniishia njiani. Nikasema:
Usichome. Nipe.

Akaegemea fagio.
"Mama Mwende, siku hizi unafuga mbuzi?"
Sifugi. Nina udongo mgonjwa.

Ndio ule mweusi, mnaujua:
kiangazi unapasuka ufa wa kumeza kijiko,
mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu kama mdai.
Karoti zangu zilitoka humo zimepinda,
zimekunja uso.

Basi nikazungusha waya wa kuku nyuma ya bafu.
Gunia la kwanza, la pili, la kumi na tisa.
Majani ya mkaratusi niliyachambua nikayatupa;
yale ni sugu, yana mafuta na kiburi.
Ndani ya mengine nikaokota kifungo cha sare ya shule,
vizibo vya soda, stakabadhi ya dawa ya kifua
iliyolipwa nusu.
Maji ya mfereji yalikuja Jumanne na Ijumaa tu,
kwa hiyo rundo likanywa maji ya kusuuzia nguo.
Sikutia samadi. Sikutia maganda.
Majani, maji, kifuniko, na jiwe juu ya kifuniko.

Watu husema subira yavuta heri.
Mimi sikuwa na subira, nilikuwa na shughuli nyingine:
harusi ya Mwende, goti langu, kesi ya shamba la mama.
Rundo likashuka kifuani, likashuka kiunoni,
na siku niliyoinua kifuniko
jongoo alijikunja kama aliyefumaniwa,
nyuzi nyeupe za ukungu zilikuwa zimeshona jani kwa jani,
na chini kabisa hapakuwa na jani tena.
Nilishika konzi. Haikunata, haikumwagika.
Ilinukia uyoga,
na ndani ya mtungi.

Magunia arobaini yaliingia. Yakatoka saba.

Mwezi uleule ikaja barua: nyumba imeuzwa,
patajengwa ghorofa kumi na mbili, tuna siku sitini.
Nikahamia Riruta, chumba na sebule, orofa ya nne,
hakuna lifti.

"Mama, hii ni nini?" Okiya akauliza, gunia begani.
Majani.
"Majani ya chai?"
Majani ya Woodley.
Akacheka mpaka akaketi ngazini.
Kisha akabeba yote saba, akanidai mia mbili zaidi,
na ya jiwe akadai kando.

Sasa nina makopo ya rangi kumi na moja kwenye baraza,
managu, dania, na karoti moja ya majaribio
ambayo sijathubutu kuivuta.

Jumapili iliyopita mlango ukabishwa.
Syombua, jasho tupu, gunia mgongoni.
Alikuwa amepanda nalo matatu,
kondakta akamtoza nauli ya watu wawili.
"Wameukata ule mjakaranda," akasema.
"Haya ndiyo ya mwisho. Nimeyafagia kabla ya msumeno."
Akaomba maji. Akanywa bilauri mbili, amesimama.

Nilitoboa ndoo kwa msumari wa moto.
Tukashindilia pamoja, kimyakimya, kwa viganja.
Maji ya kusuuzia. Kifuniko.
Halafu nikaenda kuleta lile jiwe.