Nambari Kumi na Mbili

Khuleita, barua yako ililetwa na mchukuzi wa punda,
imelowa pembe moja, mhuri haukudhurika.
Inasema darasa lolote la chekechea
lenye watoto chini ya kumi na wawili
litaunganishwa na la jirani.

Jirani wa Kipungani ni Matondoni.
Njia ile umeitembea. Wajua mchanga wake
unavyomeza kiatu cha mtu mzima,
sembuse mguu wa miaka minne.

Sisi tuna kumi na mmoja.

Miaka tisa tulikalia benchi moja, mimi nawe,
tukanywea kikombe kimoja kilichomeguka mdomo:
chako alfajiri, changu saa nne.
Ulikuwa na tabia iliyowaudhi wakaguzi.
Jina la mtoto uliliita mara tatu
ndipo uandike hayupo:
ya kwanza kwa sauti ya mwalimu,
ya pili kwa sauti ya mama yake,
ya tatu midomo tu, macho mlangoni.
Na mara nyingi, wallahi,
mlango uliitika.

Kisha ukaingia siasa.
Picha zako nilizibandika mimi,
ukuta kwa ukuta, hadi nyuma ya zahanati,
na gundi tuliikoroga kwa unga wa uji wa watoto.
Hilo sijalisahau.
Sidhani nawe umelisahau.

Kura hazikutosha, lakini cheo kilikuona.
Wakakupa shule za chekechea za kaunti nzima,
ofisi Mokowe, pangaboi mbili,
na kijana wa kukubebea mkoba
ambao zamani ulikuwa na chaki na vipande vya muhogo.

Mwezi uliopita ulikuja kututembelea.
Watoto walikuimbia, wawili wakalia.
Mama Zamzam alisimama, miyaa kwapani,
mkeka nusu ukimning'inia kama ulimi,
akauliza habari ya choo cha darasa la nne.
Ukamjibu kwamba darasa la nne ni la serikali kuu,
ukataja ugatuzi, ukaueleza vizuri,
kama ulivyokuwa ukieleza kukopa katika kutoa.
Akasikiliza mpaka mwisho.
"Sasa huo ugatuzi," akasema, "ndio unaoziba shimo?"
Watu wakacheka. Wewe hukucheka.
Ukaomba daftari la mahudhurio.

Ukaita: Zamzam. Yupo.
Famau. Yupo, mdomo umejaa hamri.
Ukaita: Kupi.
Kijana wa mkoba akatazama saa,
maji yalikuwa yanakupwa, boti ingekwama.
Ukaita: Kupi, mwanangu.
Nahodha akapiga mluzi kutoka gatini.
Mara ya tatu hukutoa sauti.
Nami, mtu mzima mwenye mvi,
nikajikuta naushikilia ukingo wa meza.

Akaingia. Mchanga hadi magotini,
kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.
Ukaandika, ukaandika tena kidogo,
ukafunga daftari, ukaenda zako
bila kunitazama usoni.

Adhuhuri nilifungua.
Chini ya Kupi, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko
ninaoujua kuliko wangu,
nambari kumi na mbili: Khuleita Shee.
Umri umeacha wazi.
Jina la mzazi umeandika la marehemu mamako.

Sijui nikuite nani baada ya hapo.
Waziri anayevunja waraka wake mwenyewe,
au mwalimu aliyekosa ujasiri wa kuuchana?
Kalamu iliyotia sahihi kule
ndiyo iliyoandika huku?
Nimelala nalo swali hilo, limenipa mbavu.

Lakini daftari ni daftari.
Kila asubuhi, baada ya Kupi, naliita jina lako.
Kwa sauti ya mwalimu.
Kwa sauti ya mamako, niikumbukavyo.
Kisha midomo tu,
na watoto kumi na mmoja wanageuka pamoja nami
kutazama mlango.
Halafu naandika ninachokiona.

Leo ni siku ya kumi na saba.
Wakaguzi wako wanakuja Alhamisi.