Karata ya Sabini na Nane

Upepo wa Trieste unayatetemesha madirisha kama meno.
Nerina anapangusa makombo mezani,
ananisogezea karata.
"Changa. Taratibu, hatuchezi kamari."

Wiki tatu nimekariri:
Mnara, maporomoko. Nyota, tumaini.
Aliyening'inizwa kwa mguu mmoja, subira.
Mdomo unatangulia, macho yanabaki nyuma.

"Kijitabu tia mfukoni, Tullio. Unaona nini?"
Naona mtu kichwa chini, miguu juu,
na wala hajakunja uso.
"Ehe," asema, akimimina kahawa.

Nafunua ya mwisho. Si karata.
Ni tiketi ya treni, kwenda Viena,
imepunguzwa kwa mkasi itoshee,
haijatobolewa.

"Saba ya Vikombe ilipotea. Nikaziba pengo."

Napekua kichwani: hamna kitu.
Nabaki kumtazama yeye,
kidole chake kinavyonyoosha kona ya tiketi
iliyokwisha kunyooka zamani.

"Alikungoja mpaka saa ngapi?"

Upepo. Kijiko ndani ya kikombe.

"Mpaka treni ya saa nne usiku," asema.
"Haya, changa tena.
Na safari hii usinitazame mimi,
tazama karata."