Ngazi Mia Mbili na Tatu

Kwanza mapazia.
Kabla ya kahawa, kabla hata ya salamu,
Maodez Kerbrat alipanda kuyafunga,
maana kioo kile hakichagui:
usiku hutupa mwanga nje,
mchana hulinyonya jua ndani
na kulikusanya katika nukta moja ichomayo.
Msaidizi aliyenitangulia alisahau mara moja tu.
Alama ipo sakafuni, nyeusi, duara kama sarafu.
"Hiyo," Maodez aliniambia, "ndiyo sahihi yake."

Kisha shaba. Shaba, na shaba tena.
Vitasa, bomba, mdomo wa pipa la mafuta,
hata misumari isiyoonwa na meli yoyote.
Chumvi huingia usiku kama mpangaji asiyelipa kodi,
asubuhi tunamfukuza kwa siki na kitambaa.

Mafuta tuliyapandisha kwa ndoo.
Ngazi nilizihesabu kwa Kibretoni nikipanda,
kwa Kifaransa nikishuka,
ili miguu isijue kuwa ni zile zile.

Ndani ya mnara kila kitu kimepinda:
kabati limepinda, kitanda kimepinda,
na mgongo nao, baada ya mwaka, huufuata ukuta.
Nilipopewa likizo nikalala kwa mama
sikupata usingizi. Kona za chumba zilinitazama.

Usiku ni zamu, na zamu ni lile jiwe
linaloshuka kwa mnyororo, taratibu, likizungusha kioo.
Likifika chini, kioo husimama,
na taa iliyosimama humdanganya nahodha.
Basi kila saa moja na nusu: mkono kwenye mpini,
mizunguko themanini, jiwe juu tena.
Msimu wa baridi ukianza, ndege waligonga kioo wakafa.
Tuliwaomba radhi, tukawapika na vitunguu.

Februari tuligombana juu ya kijiko.
Siku kumi na moja hatukusemezana
ila kwa daftari la serikali:
*Upepo magharibi. Kijiko hakijarudishwa.*
*Ukungu mzito. Kijiko ni changu.*

Ng'ambo, maili saba, mkewe Soazig
alianika shuka jeupe kwenye ukuta wa bustani
kila asubuhi: tu wazima.
Maodez aliliona kwa darubini, akakohoa, akashuka.
Asubuhi baada ya ule ukungu, ukuta ulikuwa mtupu.
Kesho yake mtupu.
Bahari ilikuwa imeulalia mwamba wa kutulia,
mashua haikuweza kuja kwa siku ishirini na sita.
Alisugua shaba hadi ikaonyesha mifupa ya uso wake.
Hakukosea mzunguko hata mmoja.
Aliandika: *Taa imewashwa saa kumi na mbili na dakika kumi.
Hakuna la kuripoti.*
Usiku huo nikakikuta kijiko kwenye sahani yangu.

Mashua ilipofika, mwenye kasia alipiga kelele
kabla hata kamba haijashikwa:
Soazig mzima! Mzima kabisa!
Ila mashuka yameisha, yote ameyakata sanda.
Meli ya ndizi, usiku wa ukungu, mwamba wa kaskazini.

"Wangapi?"

"Tisa."

Maodez alijifunga kamba kiunoni,
akaangalia juu, kwenye kioo, kwa muda mrefu,
kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize sentensi.
Kisha akateremshwa.

Nilifungua daftari kurasa za nyuma.
Usiku ule, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
*Taa imewaka mpaka alfajiri.*
Ilikuwa kweli.
Chini yake, habari za kijiko.

Jua lilikuwa limeshatoka. Nikapanda kwenye mapazia.