Haitoshi Kunata Menoni

Thuận alifika Nyendo na mashine ndani ya kreti,
mashine yenye jicho, ya kuchagua kahawa kwa rangi.
Kiswahili alikiokota papa hapa kinuni,
kwangu mimi wa Bombo, na kwa wapagazi:
leta, ngoja, bado, umeme umekwenda.

Siku hiyo magunia yalipanda mizani tangu alfajiri,
sitini, sitini na mbili, sabini.
Ndipo akaingia Nalongo Nakyeyune na fundo la leso,
ndani yake kahawa kavu na maganda yake,
mavuno ya miti mitatu
iliyosalia mnyauko ulipopita shambani.
Mshale wa mizani ukashtuka
kama mtu aliyesikia jina lisilo lake,
ukarudi kulala.

Thuận akacheka, bila ubaya, akasema la kwao:
không bõ dính răng.
Nikamwuliza maana. Akapanua kinywa,
akagonga jino kwa ukucha:
chakula kidogo, kidogo sana,
hata kunata menoni hakitoshi.

Nikaliandika nyuma ya daftari la uzani,
herufi zenye kofia, herufi zenye kitone chini,
nikalitafutia mwenzake katika maneno yangu.
"Hailipi" ni ya dukani.
"Haina haja" ni mlango unaofungwa taratibu.
Nikapata "si haba",
lakini hiyo ilitazama upande wa pili,
upande aliosimama Nalongo
akingoja risiti.

Kilo moja na robo.
Niliandika na robo.

Alihesabu pesa zake mara mbili, zilikuwa chache kuhesabika hivyo,
kisha akachomoa kwenye mshipi wa gomesi
kifurushi cha jani la mgomba:
kahawa iliyochemshwa na majani anayoyajua yeye,
ikaanikwa, si ya kuuza.
"Mgeni, tafuna."

Thuận anaijua kahawa kwa unyevu wake,
kwa tundu la chekeche, kwa bei ya asubuhi.
Hajawahi kuitafuna.
Alinitazama. Nikamwambia:
hapa hiyo haikataliwi.
Akaziweka mbegu mbili ulimini
kama mtu anayemeza dawa mbele ya mama yake.

Jioni nilimkuta nje,
ameinamia kioo cha pikipiki ya mlinzi,
njiti ya kiberiti mkononi, kinywa wazi.
"Imenata," akasema. "Huku nyuma. Haitoki."

Nilicheka hadi mlinzi akaja kuuliza kulikoni.
Kisha nikaleta daftari:
katika maneno haya manne, lipi linakataa?
Akaweka kidole juu ya la kwanza.
Nikalikata kwa kalamu nyekundu ya hesabu.

Tukafunga kinu.
Mpaka tunaachana kwenye lami
ulimi wake ulikuwa bado unasukuma shavu,
na alikuwa ameacha kutumia njiti.