Abiria: Mmoja

Saa nne usiku, jikoni, Prešov.
Ramani nimeitandaza juu ya meza,
pembe moja nimeigandamiza kwa kopo la chumvi,
ya pili kwa miwani, ya tatu kwa kiwiko.
Ya nne imekataa. Inajikunja kila nikiiachia
kama mtoto asiyetaka kulala.

Vojtech yeye amelala.
Nilimwuliza mwezi wa pili, theluji ingali juu ya mapaa,
akanijibu akiwa na mkasi wa kupogolea mkononi:
Nyanya zangu atazimwagilia nani?
Sikuwa na jibu. Nyanya ni nyanya.
Nikaenda peke yangu kupiga picha ya pasipoti.

Mimi huyu, miaka thelathini na mmoja
nimetoboa tiketi za watu, kwenda Košice na kurudi:
za wanajeshi, za maharusi,
ya bwana mmoja aliyepakata saa ya ukutani
iliyogonga saa sita kila tulipofika stesheni.
Ukizijumlisha kilomita zangu, nimeizunguka dunia
bila kutoka bonde la mto Torysa.
Mtembezi hula miguu yake, watu husema.
Mimi nimekula miguu ya wenzangu.

Sasa kompyuta inaniuliza: abiria wangapi?
Naandika mmoja.
Inauliza tena, kana kwamba haikusikia vizuri:
Mmoja tu?
Dada yangu Otília naye aliuliza vivyo hivyo kwenye simu,
akavuta pumzi, akanisimulia habari za mwanamke
aliyeibiwa mkoba huko Lisbon, au Roma, hakumbuki,
mahali penye jua.

Chumba cha wawili, yuro hamsini na sita.
Chumba cha mmoja, yuro hamsini na moja.
Kumbe upweke nao hutozwa kodi,
na usipokuwa na wa kugawana naye, walipa zote.
Nimepiga hesabu nyuma ya bili ya gesi:
siku tisa, mchana supu, usiku mkate na jibini,
na Jumapili moja dagaa wa kuchoma,
kwenye meza yenye kitambaa,
hata kama mhudumu atakitazama kile kiti kitupu.
Nitaweka kofia yangu juu yake.

Nimejifunza maneno kumi na moja ya Kireno.
Kuomba radhi najua kwa namna mbili,
kuomba msaada bado kunanikwama kooni.
Naliambia sinki. Sinki linajibu kwa tone.

Mbona huko? wananiuliza.
Si uende Kroatia, kama watu?
Siwaambii. Niliona kwenye ratiba
mji ambako reli inaishia,
Vila Real de Santo António:
treni inafika, inasimama, haina tena pa kwenda.
Nataka kufika hapo nimekaa dirishani,
mikono mapajani,
mtu mwingine aje anitobolee tiketi.

Mlango. Soksi za Vojtech kwenye vigae.
Anaishika ile pembe ya nne kwa kidole gumba.
— Na reli ikiisha?
— Pana mto.
— Na ng'ambo ya mto?
— Nchi nyingine.
Anaguna, si kukubali wala kukataa,
anakunywa maji, anarudi kitandani.
Pembe inajikunja.

Asubuhi sanduku langu halimo uvunguni.
Liko ukumbini, limelazwa kifudifudi, magurudumu juu,
na kando yake kile kichupa cha mafuta
anachopakia mkasi wake.
Nazungusha gurudumu la kushoto,
lile ambalo miaka yote lilikuwa likilia.
Linazunguka.
Bado linazunguka.