Tatu au Nane

Mtaa unaitwa Ghala, hapa Maskati,
na kweli kazi yetu ni kuweka:
majina, vibali, tarehe za kuingia na kutoka.
Kiyoyozi kinatona kwenye ndoo ya rangi.
Bi Zuweina wa dirisha la nne
anaandika namba kwenye kiganja chake
kama mtoto anayeibia mtihani.

Namba iko pale pale kwenye skrini.
Anaiburuzia kipanya, haishikiki,
imelala kwenye kijivu
kama sarafu chini ya kioo cha kaunta.
"Mwanangu," ananiambia,
kwa Kiswahili alichokuja nacho mama yake kutoka Unguja,
"mbona namba mmezipiga gundi?"

Gundi niliipiga mimi.
Niliagizwa: mtu asibadilishe kitu.
Nikafunga kubadilisha,
na kunakili nako kukafungika humo humo,
kama aliyeziba dirisha kwa ajili ya vumbi
akasahau kwamba mwanga nao hupitia hapo.

Kisha nikaoneshwa faili la Kadzo,
binti wa Kaloleni, mtumishi wa nyumba kule Barka.
Mkataba umekwisha, sanduku limekazwa kamba,
siku ya kumi na tisa anangoja ruhusa ya kuondoka
kwa kuwa jasho la kiganja
lililamba nane upande mmoja, ikasomeka tatu.
Uso wake sikuuona kamwe.
Niliiona ile tatu.

Usiku nikabaki.
Nikwambie kweli, haikuwa kazi ya kutoa jasho:
lebo nikaiondoa, nikaweka kisanduku cha kusomwa tu,
nikakivua kingo, nikakipaka kijivu kile kile
asije Bwana Thuwaini akauliza nani kagusa nini.
Nikabofya mara mbili.
Tarakimu zote kumi na nne zikavaa buluu.
Nikajaribu kuzifuta, zikakataa.
Nikajaribu kuzichukua,
zikaja,
na pale zilipokuwa zikabaki.
Nikarudia mara sita, bila sababu,
ila kuona kitu kinachotoka bila kupungua.

Asubuhi Bi Zuweina akanakili, akabandika,
akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu:
"Miaka miwili yote, kumbe ni hivi tu?"

Sikumjibu. Alikuwa ameuweka mkono juu ya meza,
kiganja juu, na wino wa jana haujatoka:
tatu, au nane,
sikuweza kusoma.