Kelele Hizo Usizifute

Dukani kwa Ndahani, nyuma ya soko la Majengo,
redio mbili mezani, pesa ya zabibu kiunoni.
Moja ina uso: namba, taa ya kijani,
kifundo kinachoenea gumba na shahada.
Ya pili ni bati tupu, ukubwa wa kitabu cha sala,
haina hata sikio la kuminya.
"Hiyo, mama Mbeleje, huongozwa na kompyuta.
Inanasa toka mawimbi marefu hadi marubani angani."
Umeme ukikatika je?
Akakuna kidevu. "Betri ya pikipiki."

Miaka thelathini nimepika na redio ya kifundo,
kila stesheni naijua kwa kidole, gizani.
Roho ilishaamua.

Basi akawasha kompyuta, nionje tu.
Rangi zikaanza kudondoka kiooni,
samawati, manjano, mstari juu ya mstari,
maporomoko!
Na Novemba hii Hombolo haijaona tone.
Nikamwambia shuka. Shuka tena,
chini ya watangazaji wote.
Hapo: kwa. Kwa-kwa. Krrr,
kama bisi za mtama chunguni.
"Ngoja nizisafishe, kuna kitufe cha..."

Nikamshika mkono.
Kelele hizo usizifute, kijana.
Hizo ni radi. Pengine Manyoni,
pengine mbali huko nisikokujua,
lakini ni radi.

Mbegu ya uwele ingali kibuyuni,
jembe limeegemea ukuta wa tembe.
Nikahesabu noti mara mbili, nikampa.
Betri ya pikipiki
nikaichukua kwa mkopo.